Begi Lililoondoka na Kiatu cha Bwana Harusi

Jumapili, 8 Desemba

Jana Jumamosi, saa nne kasoro kidogo usiku, nimeibiwa begi langu la kazi ndani ya ukumbi wa harusi, Barabara ya Multan, mbele ya watu mia tatu, wote wanacheka. Ndani mlikuwa na kamera moja, ile mpya, lenzi ndefu, lenzi ya nyuso, flashi mbili, chaja na betri zake. Kila kitu kina nukta ya rangi nyekundu ya kucha karibu na skrubu, alama niliyoitia kwa mkono wangu. Kwa bei niliyonunulia ni laki sita na elfu arobaini za rupia. Kwa bei ya sasa sipigi hesabu, nitaugua bure.

Nimebaki na kamera ya zamani iliyokuwa mkononi, na lenzi yake moja. Kadi za picha zipo zote, kwa sababu kadi zangu hulala kifuani, ndani ya kifuko cha kitambaa, na huko hajafika mwizi bado.

Naandika lilivyokwenda kabla watu hawajaanza kunisahihisha.

Kazi ya Khala Mukhtaran, ‘mama mdogo’ wa kila mtu, kwangu ni moja: kulinda begi kwa kulikalia. Huu ni mwaka wa nne. Ni mjane, mnene, ana magoti mabovu na shali kubwa kama hema. Namweka kiti cha ukutani, begi katikati ya miguu yake, shali inafunika vyote. Anakula biriani, anawaombea maharusi dua, kila upande unadhani ni shangazi wa upande wa pili. Mlinzi mwenye bunduki huvuta macho. Mwanamke mzee anayekula, nani anamtazama mara mbili?

Jana wadogo zake bibi harusi wakaiba kiatu cha bwana harusi, kama desturi, wakawa wanatafuta pa kukificha mpaka upande wa mume utoe hela. Wakamwona Khala. “Khala, tuhifadhie.” Naye badala ya kuwafukuza akafungua zipu ya begi langu akakitia ndani, kiatu cha nyuzi za dhahabu juu ya lenzi ya nyuso. Vijana wa bwana harusi wakagundua. Wakaja na ngoma, wakamsimamisha Khala kwa heshima zote, mmoja akalinyanyua begi juu ya kichwa chake, ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Begi likacheza mpaka mlangoni. Saa nne ikagonga, wenye ukumbi wakazima taa kama sheria inavyotaka, watu wakamiminika nje kwenye ukungu, bibi harusi akawa analia akiagwa, msahafu umeinuliwa juu ya kichwa chake, magari yakawaka.

Bwana harusi aliondoka na viatu vyote viwili miguuni. Begi halikurudi.

Jumatatu, 9 Desemba

Kituo cha polisi. Nimesubiri asubuhi nzima, ukungu unaingia mpaka ndani.

“Jina la mwizi?”

“Ningekuwa nalo ningekuja kwako?”

“Alipolichukua alikuwa anakimbia?”

“Alikuwa anacheza ngoma.”

Karani akaweka kalamu chini. “Baji, dada yangu, yaani ulikuwa mchezo.”

“Ulianza mchezo, ukaishia wizi.”

“Hapa tunaandika wizi, unyang’anyi na kupotea. Michezo hatuandiki.”

Ameandika “kupotea”. Nimeichukua karatasi, nimemshukuru, nimeondoka. Mtu unachoka hata kugomba.

Jumanne, 10 Desemba

Ukungu. Sikutoka.

Jumatano, 11 Desemba

Khala Mukhtaran alikuja na bakuli la halua ya karoti. Nilisimama mlangoni, sikumkaribisha ndani.

“Nighat, mwanangu, magoti yangu yaliniuma kwa hasira usiku kucha.”

“Magoti yako hayajaibiwa, Khala. Nilikuajiri ukae. Kukaa tu! Hata gunia la mchele linaweza.”

“Wale ni watoto wa wenye harusi. Ningewakatalia mchezo wao siku ya furaha?”

“Ndiyo.”

Akanitazama, kisha akasema, tena kwa sauti ya chini: “Na wewe je? Si wewe uliyewaambia ‘inua juu, geukia huku’?”

Nikamwambia asirudi. Halua nimeipokea, kwa sababu bakuli lilikuwa limeshafika mkononi. Sijaila.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekwenda kwa Haji Rafaqat, baba wa bibi harusi, dukani kwake soko la vitambaa. Ndiye aliyenikodi. Mtu mwema, nilifikiri. Alinipa chai ya rangi ya waridi, akafunga mlango wa kioo ili wafanyakazi wasisikie.

“Uliza upande wa mume tu,” nikamwambia. “‘Mlinyanyua begi, mkaliweka wapi?’ Basi.”

“Binti yangu Mahrukh ana siku tano ndani ya nyumba ya watu. Nipige simu niwaambie nini? Kwamba katika msafara wenu wa harusi kulikuwa na mwizi?”

“Sijasema mwizi.”

“Watasikia mwizi. Na jibu hawatanipa mimi, atapewa yeye, jikoni, kila siku.” Akasugua uso wake. “Subiri kidogo, mwanangu. Nyumba itulie.”

Nimesubiri mambo mengi maishani. Sijawahi kuona kitu kilichoibwa kinakuja chenyewe kwa kusubiriwa.

Jumamosi, 14 Desemba

Harusi ya Gulberg. Yaqub, anayenichapia na kunifungia albamu, kaniazima kamera yake. “Ikiibwa hii,” kasema, “itabidi uolewe na mimi, maana mke wangu ataniacha.” Nimecheka kwa adabu.

Bila mtu wa kukalia begi sikuweza kupiga picha kwa raha. Nilikuwa napiga huku mguu mmoja ukiwa ndani ya mkanda wa begi, naliburuta kama mfungwa na mnyororo wake. Bibi harusi alipohama kutoka jukwaani kwenda mezani nilichelewa. Mama yake kasema, “Baji, wewe umekuja kupiga picha au kulinda mzigo?”

Vyote, mama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Jumapili, 15 Desemba

Mgongo.

Jumatano, 18 Desemba

Ukungu mzito, ndege hazitui. Harusi moja imeahirishwa kwa sababu mjomba kakwama Dubai.

Leo nilikuwa nafikiria jinsi nilivyojilinda miaka yote hii nje, mjini. Nilianza na uzi wa kunyoa nyusi kwenye saluni ya watu, nikapata zamu yangu ya upatu nikanunua kamera ya kwanza, na toka siku hiyo sijatembea barabarani kama mtu wa kawaida. Jina la kamera nimelifunika kwa utepe mweusi, ionekane kuukuu. Begi si la kamera, ni begi la nepi, lina picha ya dubu anayecheka. Mwizi mwenye pikipiki havunji mkono wake kwa ajili ya nepi. Ndani ya bajaji nakaa katikati, mkanda nimeuzungusha mguuni. Taa zikiwa nyekundu sitoi simu. Nikisikia pikipiki ya watu wawili inapunguza mwendo nyuma yangu, nageuza bega la begi upande wa ukuta. Sibadilishi lenzi getini. Sishuki mbele ya ukumbi, nashuka kwa muuza karanga, nanunua karanga, natazama nani kasimama tu bila kununua.

Yote haya ni ya nje. Ndani, kwenye zulia na maua, nilivua viatu nikapumua. Na ndani ndiko walikoniibia, watu waliooga na kujipaka manukato.

Jumapili, 22 Desemba

Nimeanza kuchambua picha za harusi ya Haji Rafaqat, kwa ajili ya albamu. Nilikuwa nazikwepa.

Zile za mchezo wa viatu zipo. Nilipiga kwa mfululizo, kidole hakikutoka. Khala anasimamishwa, anacheka, meno mawili. Begi linanyanyuliwa, dubu anaonekana vizuri. Chini yake ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shali ya rangi ya ngamia, masharubu yamechongwa kwa wembe. Picha moja anatazama pembeni. Picha inayofuata ananitazama mimi, kidevu juu, tabasamu la mtu anayepigwa picha. Kwa sababu nilimwambia. “Inua juu! Geukia huku!” Nakumbuka sasa. Nikamsubiri mpaka aweke uso vizuri.

Picha ya mwisho ni mgongo wake mlangoni, begi limeshashuka kwapani. Limeshashuka. Mtu anayecheza halibani begi kwapani.

Huyo ni Khurram, nilimpiga jukwaani kwenye picha za familia. Si kijana wa msafara tu. Ni mume wa dada yake bwana harusi, mkwe wa nyumba ile. Nani asiyejua mkwe ni nini? Akiingia, mto mzuri anawekewa yeye. Kuku akikatwa, paja ni lake. Akisifu saa ya ukutani, inateremshwa inafungwa kwenye karatasi anapewa. Si mtu wa kuulizwa begi.

Na halua ya Khala imeota ukungu kwenye friji.

Jumanne, 31 Desemba

Vijana wanafyatua risasi angani kuukaribisha mwaka. Nimelala chini, mbali na dirisha, nimekumbatia kamera ya Yaqub.

Ijumaa, 3 Januari

Wamejaribu leo. Barabara ya Ferozepur, bajaji imekwama nyuma ya lori la miwa, jua limeshazama, taa zote za magari zimekuwa viini vya mayai ndani ya ukungu. Pikipiki, wawili, aliye nyuma kaingiza mkono hadi kiwiko na kushika mkanda. Begi jipya, jeusi, nililonunua kwa haraka, begi la kamera lililoandikwa “kamera” kwa umbo lake. Nani kaninyima akili?

Mkanda ulikuwa mguuni. Pikipiki ikaondoka, mimi nikaondoka nayo, nusu ya mwili nje ya bajaji, goti kwenye lami. Sikupiga kelele ya “mwizi”. Nilikuwa nasema, nakumbuka vizuri kabisa, “Si yangu! Si yangu!”

Akaachia.

Dereva wa bajaji aliruka chini akaniinua. “Baji, ungewaachia! Roho na kamera, kipi?”

“Kamera ni ya mtu.”

“Na roho ya nani?”

Alinipeleka kwenye duka la dawa, akanisubiri, na nauli kakataa. Wapo watu. Unasahau.

Jumamosi, 4 Januari

Nimekwenda kwa Khala Mukhtaran, nachechemea. Anakaa chumba kimoja nyuma ya tanuri la mkate, ukuta wake una joto mwaka mzima. Ndiyo raha yake pekee. Nikamrudishia bakuli lake, nimelijaza njugu na sukari guru.

Alitazama goti langu, kisha bakuli. “Halua ilikuwaje?”

“Tamu.”

“Mwongo. Kama ungeila, ungekuja siku ya pili kutaka nyingine.”

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akazitazama moja moja, simu kaisogeza mbali kama wafanyavyo wenye macho ya umri wake.

“Huyu ndiye aliyenishika mkono,” akasema. “Aliniita Mama. Akasema, ‘Simama taratibu, Mama, usiumie.’ Mikono laini.” Akanirudishia simu. “Nighat, mimi sijaitwa Mama na mtu tangu mwanangu aende Oman. Ndiyo maana nilisimama haraka.”

Nimemwomba arudi. Kasema ana sharti: kiti chenye mgongo. Na asiitwe gunia la mchele.

Jumatano, 8 Januari

Mahrukh, bibi harusi, kaja studio kuchagua picha. Studio ni chumba changu cha mbele, lakini kina pazia. Hakuja na mumewe, kaja na wifi yake Samina, yaani mke wa Khurram. Siku ya harusi nilimwona Mahrukh mtoto wa kudeka: alikataa mkufu, alikataa kiti, alimfokea mtia hina. Leo amepungua. Amekaa ukingoni mwa sofa kama mgeni wa hospitali, kila picha anamtazama wifi yake kwanza.

Nikazipitisha moja moja. Picha za viatu zikafika, na sikuziruka.

Samina akapiga kofi mapajani. “Tazameni huyu Khurram! Vituko vyake vitamuua! Hiyo lazima iingie kwenye albamu, ukurasa mzima. Mama ataipenda.”

“Begi lile lilipatikana, Baji?” Mahrukh akauliza.

“Bado.”

“Begi gani?” Samina, bado anacheka.

“La kazi yangu. Hilo alilolinyanyua.”

Kicheko hakikukoma ghafla. Kilipungua, kama feni iliyozimwa. “Basi watakuwa wameliweka kwenye jukwaa, wahudumu wa ukumbi wakalibeba. Watu wale wana vidole vya gundi, si unajua.” Akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake. “Mahrukh, tutachelewa, Mama anasubiri dawa.”

Mahrukh hakusimama mara moja. Alibaki anaitazama picha ya mgongo mlangoni.

Hajui, Samina? Au anajua? Usiku huu nimempa nusu ya kila jibu.

Jumapili, 12 Januari

Harusi mbili. Khala kwenye kiti chenye mgongo, begi jipya la nepi, safari hii lina bata. Mtoto mmoja kaja kumuuliza kama anaweza kuficha kiatu. Nilimsikia toka mbali: “Mwanangu, ukikitia humu, nakula wewe na kiatu.”

Alhamisi, 16 Januari

Mahrukh kanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma kunasikika maji ya bomba. Kafungulia bafuni ili asisikike. Naandika alivyosema, kisha naufuta, kama alivyoniomba.

“Baji Nighat, jana niliagizwa nipeleke nguo paani nikaanike. Shemeji Khurram alikuwa amekuja kututembelea, yuko huko na watoto wake, anapiga picha njiwa wa jirani. Kwa lenzi ndefu. Nikamwuliza, ‘Shemeji, nzuri, umenunua lini?’ Akasema rafiki yake kamletea toka Dubai. Baji, kuna nukta nyekundu kwenye pete ya lenzi, kama zile za kamera yako. Nimepaka kucha maisha yangu yote, naijua rangi ya kucha. Ni yako?”

Ni yangu.

Nikampigia. Akakata, akapiga yeye, maji yanazidi kutiririka.

“Umemwambia mumeo?”

“Kasema, ‘Mahrukh, yule ni mkwe wetu. Hata angechukua gari langu nisingemwuliza.’ Hakukasirika. Ndiyo iliyonitisha, Baji. Kaona jambo la kawaida.”

“Unataka ninyamaze?”

Akazidi kufungua bomba. Halafu: “Usitaje paa. Usitaje kucha. Mimi peke yangu ndimi niliyekuwa kule, watajua. Lakini usinyamaze pia. Mimi nitamwandalia yule mtu chakula kila Ijumaa akija, mpaka nife. Nisingependa kila Ijumaa niwe najua peke yangu.”

Na mimi nilimwita wa kudeka.

Jumamosi, 18 Januari

Mvua kidogo. Ukungu umesafishwa, tumeona rangi ya mbingu kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Yaqub kauliza kuhusu kamera yake, kwa utani, mara mbili. Utani wa mara mbili si utani.

Jumatatu, 20 Januari

Nimerudi kwa Haji Rafaqat. Sikumtaja binti yake. Niliweka picha mezani, ile ya begi kwapani.

Aliivuta karibu, akaiangalia. Hakuuliza huyu ni nani. Ndipo nikajua alikuwa anajua tangu mwanzo, au angalau alikuwa amekisia, na ndiyo maana siku ile alifunga mlango wa kioo.

“Nitakulipa mimi,” akasema.

“Haji, si wewe uliyechukua.”

“Nitakulipa mimi, kwa awamu. Kidogo kidogo mpaka Idi. Hakuna mtu atakayejua, nyumba itabaki salama.” Mikono yake ilikuwa imeshaanza kutafuta kikokotoo.

Na mimi, sitajidanganya, nilipiga hesabu naye kichwani. Mpaka Idi ningekuwa na kamera. Yaqub ningemrudishia yake. Nilikuwa nimechoka, goti linauma, na pesa ilikuwa upande wa pili wa meza tu.

Kisha nikaona ukutani kwake orodha ya vitu alivyompa binti wakati wa kumtoa, bado imebandikwa na alama za tiki: friji, kitanda, mashine ya kufulia, pikipiki ya mume, seti ya chai. Nikajiuliza mstari unaofuata utaandikwaje. Kamera ya mkwe wa wakwe?

“Haji,” nikamwambia, “ukinilipa wewe, utakuwa umemnunulia Khurram kamera. Na mwaka ujao atapenda kitu kingine.”

“Sasa unataka nini?” Akaacha kutafuta kikokotoo. “Unataka nimwite mkwe wao mwizi? Mimi, baba wa msichana?”

“Sitaki wewe umwite chochote. Nilikuja ili usishangae. Nitamuuliza mwenyewe.”

Akafunika uso. Nilidhani nitamdharau, kumbe nilimhurumia. Amemlea binti miaka ishirini na mitatu, na tangu siku ya harusi anaishi kama mtu anayeshika glasi iliyojaa mpaka ukingoni.

“Basi usimpitie Mahrukh,” akasema hatimaye.

“Hatapitiwa.”

Jumanne, 21 Januari

Khala anasema nisubiri mpaka baada ya Ramadhani. Yaqub anasema niandike moja kwa moja, nisiweke chumvi wala sukari. Nimemwandikia Khurram mara tatu, bila kutuma. Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa ombi, nikaisoma nikajionea aibu.

Jumatano, 22 Januari

Mama mkwe wa Mahrukh kanipigia mwenyewe. Jumapili mchana ana chakula cha familia, ndugu wote, anataka albamu iletwe siku hiyo waitazame pamoja. “Na wewe ule nasi, Baji. Mkwe wetu Khurram hasa ana hamu ya kuona picha zake.”

Nikamwambia nitakuja.

Kisha nikakaa na kufikiria jambo lililokuwa linanisumbua: nikiuliza, watasema nani kanionyesha. Lakini hakuna aliyenionyesha. Picha ninazo tangu usiku ule, nilizipiga kwa mkono wangu, na Samina mwenyewe kaziona kwangu na kuzichekea. Ninaweza kusimama juu ya hizo tu, bila kumkanyaga mtu. Nimempelekea Mahrukh neno moja, siku ya mwisho nitakayompa Khurram kujibu: “Jumamosi.” Kajibu kwa neno moja pia: “Sawa.”

Alhamisi, 23 Januari

Nimeutuma ujumbe kwa Khurram, saa tatu asubuhi. Nanakili hapa kama ulivyo.

“Ndugu Khurram, salaam.

Mimi ni Nighat, niliyepiga picha harusi ya shemeji yako. Tarehe 7 Desemba, kabla tu ya taa kuzimwa, ulinyanyua begi langu la kazi, la bluu, lenye dubu. Kiatu cha bwana harusi kilikuwa ndani. Ukatoka nalo mlango wa kuelekea maegesho, limebanwa kwapani mwako. Sikuambiwa na mtu. Nilikuona kwenye kamera yangu mwenyewe, na picha nimezituma pamoja na ujumbe huu.

Mchezo ulikuwa wa kiatu. Kiatu kilirudi usiku uleule, bwana harusi alikivaa. Kwa hiyo begi lilifunguliwa na aliyekuwa nalo.

Ulimwinua kwenye kiti mwanamke mwenye magoti mabovu, ukamwita Mama. Yeye ndiye aliyekuwa analinda riziki yangu, na mimi nilimfukuza kazi kwa ajili yako.

Hujaitwa mwizi hapa. Soma tena uone. Mtu anaweza kuweka begi ndani ya gari katika zogo, akalisahau, akaona aibu kulirudisha. Aibu hiyo naipa nafasi. Begi likifika dukani kwa Yaqub mfungaji albamu, na vyote vilivyomo, sitauliza limeletwa na nani wala lilikuwa wapi siku zote hizi, na hakuna mtu wa nyumba yenu atakayesikia neno kwangu.

Albamu inafungwa Jumamosi adhuhuri. Jumapili nimealikwa na mama mkwe wako kuileta, na nyote mtakuwa mmekaa. Mkeo kachagua picha yako iwe ukurasa mzima, na nimeiweka. Ikifika zamu ya ukurasa huo, nikiwa bado sijapata jibu, nitakuuliza pale pale, mbele ya wakwe zako, kwa sauti na maneno haya haya ninayokuuliza sasa.

Usinieleze kuhusu wahudumu. Usimpigie simu Haji Rafaqat. Hahusiki, na hela yake nimeikataa. Usinitumie mtu.

Begi langu unalo, au huna? Nijibu mwenyewe, ndiyo au hapana, kabla ya adhana ya adhuhuri, Jumamosi.”